Njombe, ambako sweta huonyeshwa kabla halijaisha

Ukishuka stendi ya Njombe jioni ya mwezi Juni, wa kwanza kukupokea si ndugu yako. Ni baridi. Inaingia kwenye mikono ya blauzi bila kubisha hodi, na kabla hujashusha begi umeshajutia nguo ulizofungasha.

Mimi na binti yangu wa mwaka mmoja na nusu tulikuwa tumeondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Njia ya kwenda Njombe ni ndefu, takribani kilometa 700, lakini haichoshi macho. Mikumi mtoto aliwaona nyani kando ya barabara akawapungia mkono. Ruaha Mbuyuni abiria walinunua vitunguu kupitia dirishani. Kitonga basi lilipanda polepole, watu wote kimya, hata konda. Iringa tukavaa soksi. Mafinga, misonobari ikiwa imesimama pande zote mbili, tukavaa masweta. Makambako tukaiacha barabara ya Mbeya na kukata kushoto kuelekea Njombe, na hapo kila mtu alikuwa amejifunika alichonacho: khanga, shuka, hata taulo.

Mama mkubwa, yaani dada wa mama yangu, alikuwa ananisubiri stendi. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakunikumbatia kwanza. Alimchukua mtoto, akamshika miguu, kisha akamshika kichwa.

“Kofia yake iko wapi?” aliniuliza.

Swali hilo nilikuwa nimeshaulizwa mara moja maishani, usiku wa manane, na muuguzi wa wodi ya wazazi. Siku ile sikuwa na jibu. Safari hii kofia ilikuwepo, imeanguka tu chini ya kiti cha basi.

Mji wa uzi

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ni makao makuu ya mkoa uliozaliwa mwaka 2012, na ukitembea pembezoni mwake unaona kinachowaweka watu hapa: chai, viazi mviringo, parachichi na miti ya mbao. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku unaweza kushuka chini ya nyuzijoto 10, na asubuhi ukungu unakaa kwenye mabonde mpaka watoto wanapoingia darasani.

Kwa sababu hiyo, sweta hapa halina mambo ya fasheni. Kuna mafundi wenye mashine za kufumia ambao hutoa masweta ya shule kwa idadi. Kuna marobota ya mitumba. Halafu kuna kinamama wanaofuma kwa mkono: wengine kwa sindano mbili, wengine kwa ile sindano moja ya kroshia yenye kulabu nchani. Utawaona kwenye genge la nyanya wakisubiri wateja, mikono ikienda yenyewe huku macho yakifuata wapita njia.

Uzi wenyewe wengi hawaununui mpya. Mama mkubwa alinipeleka sokoni Jumamosi, akapita kwenye rundo la mitumba, akachagua sweta kubwa la kiume lenye kiwiko kilichotoboka. Nilidhani anamnunulia mtu. Tulipofika nyumbani alikata mshono wa bega, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kulifumua. Uzi ulitoka umejikunja kama tambi zilizochemshwa. Akauzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga sehemu nne, akauosha kwa sabuni, kisha akauanika na chupa ya maji imening'inizwa chini ili unyooke. Sweta moja la mwanaume, aliniambia, linatoa la mtoto, kofia mbili na soksi, “na kiwiko kilichotoboka hakuna atakayekiona”.

Nikamuuliza, kwa nini asitumie jiko la mkaa ndani usiku kama majirani wengine, apumzike na kufuma. Akanitazama kama mtu aliyeuliza jambo la aibu. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na chumba kikifungwa ili joto lisitoke, gesi nayo haitoki. Watu hulala wakidhani wamepata usingizi mzuri. Nimeandika habari za namna hiyo kutoka dawati la afya. Mama mkubwa hakuwa na haja ya kuzisoma; yeye alishazika jirani. Kwa hiyo kwake jiko linabaki nje, na ndani watu wanavaa.

Jumapili uani

Kila Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana, kinamama kati ya wanane na kumi na wawili hukutana kwenye uani kwa Mama mkubwa. Si kikoba, ingawa wapo humo wanaocheza mchezo. Hakuna katibu wala daftari. Kuna mikeka, viti vitatu vya wazee, chupa ya chai, bakuli la viazi vya kuchemsha, na sharti moja: lete kazi uliyoianza, usilete uliyoimaliza.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mjini tumezoea kinyume chake. Mtu anaonyesha gauni likiwa tayari, keki ikiwa imepambwa, mtoto akiwa ameoga. Hapa aliyekuja na sweta zima alichekwa kidogo: “Hilo limeshakwisha, tulitazame la nini? Kamvalishe mwenyewe.”

Walianza kwa kuzunguka mmoja mmoja. Kila mwanamke alitoa kazi yake kwenye mfuko wa plastiki, akaiinua ilivyo, sindano zikiwa bado zimo na uzi ukining'inia. Mmoja alikuwa na mgongo tu wa sweta la kijani. Mmoja alikuwa na vitambaa vya makochi, vinne kati ya saba. Mmoja, ambaye hufuma kofia za njano bila kuchoka, alikuwa na kofia iliyofika usawa wa masikio. Binti mdogo kuliko wote alikuwa na soksi moja yenye kisigino kilichopinda.

Hawakusifiana sana. Walishika, wakavuta, wakahesabu vitanzi kwa kucha. “Hapa umekaza.” “Bega hili litambana, ongeza vinne.” Mwenye kisigino kilichopinda alisogea kwa mwenye kofia za njano, vichwa vyao vikakaribiana, na kwa robo saa hatukuwasikia tena.

Niliuliza sharti lile lilitoka wapi. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye uzi wake: “Mjukuu wangu, kitanzi kikidondoka leo, sindano inakirudisha. Ukikigundua sweta limeshavaliwa, utakuta shimo limeshafika chini.”

Baadaye, tukiosha vikombe, Mama mkubwa alinisimulia lililo nyuma ya maneno hayo. Wakati fulani mwenzao mmoja alikuja Jumapili tatu mfululizo na sweta lilelile, halijaongezeka hata safu moja. Alisema kazi za shamba zimembana. Bibi akampa sindano na uzi, akamwambia atunge. Ikashindikana. Kumbe macho yalikuwa hayaoni karibu, kama ambavyo hutokea kwa wengi wetu tukivuka miaka 40, naye alikuwa anaogopa kusema akidhani anapofuka. Alipimwa, akapewa miwani ya kusomea, na Jumapili ya nne sweta lilikuwa na mkono mmoja.

Mwingine alileta soksi ndogo kiasi kwamba kila mtu alijua ni za nani. Hakuna aliyepiga vigelegele, maana mwenyewe hakuwa amesema. Wakati wa kuondoka mmoja wao alimsindikiza mpaka njia panda, akamuuliza taratibu: “Kliniki umeshaanza?” Alikuwa bado. Alikuwa anaona haya, na pia anaogopa jicho la watu. Kesho yake alisindikizwa, ujauzito ukiwa bado mchanga, ndani ya zile wiki 12 za kwanza ambazo Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mama awe ameshafika kliniki walau mara moja.

Kofia ya chini ya godoro

Ilipofika zamu yangu nilisema sina kitu. Haikuwa kweli. Ndani ya begi langu, chini ya nepi, kulikuwa na mfuko wenye sindano mbili na robo tatu ya kofia ya rangi ya maziwa. Nilikuwa nimesafiri nayo kilometa 700 bila kujiambia kwa nini.

Niliianza nikiwa na ujauzito wa miezi mitano. Niliifuma usiku, mlango ukiwa umefungwa, na mgeni akibisha hodi niliisukuma chini ya godoro. Unaujua utaratibu huu. Huenda hata kwenu upo. Nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajazaliwa. Mimba haitangazwi. Ukiulizwa unaendeleaje, unasema salama. Sina ugomvi na busara ya wazee, kwani nao walishazika watoto wengi, na hawakutaka mama arudi nyumbani mikono mitupu akakute kabati limejaa vinguo. Lakini kuficha kuna tabia ya kuongezeka. Nilianza kwa kuficha kofia, nikaja kuficha na kichwa kuuma.

Mwezi wa saba kichwa kiliniuma siku tatu. Uso ulivimba, vidole vikakataa pete. Siku ya tatu niliona vimulimuli mbele ya macho nikiwa ofisini, nikihariri habari kuhusu kliniki za wajawazito. Dalili hizo nilizijua kwa jina: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu ya juu ya tumbo. Ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kumfikisha mama kwenye kifafa cha mimba. Nilikuwa nimewaandikia wengine waende hospitali siku hiyohiyo. Mwenyewe nilimwambia mume wangu nimechoka tu.

Binti yangu alizaliwa usiku uliofuata kwa upasuaji, wiki ya 33, akiwa na gramu 1,700. Muuguzi alitoka akauliza: “Kofia iko wapi? Soksi?” Mume wangu alinitazama. Hatukuwa na kitu, kwa kuwa hatukununua. Alikimbia getini kwa mmachinga aliyekesha na meza yake, akarudi na jozi moja ya soksi mpya za kiume. Muuguzi alikata soksi moja kwa mkasi, akafunga fundo upande mmoja, akamvisha mtoto kichwani. Ilimtosha.

Kofia ya rangi ya maziwa ilikuwa nyumbani chini ya godoro. Tangu usiku ule sikuigusa.

Kwa nini kichwa

Mzazi anayesoma hapa anaweza kuona tunakuza jambo la kofia. Tueleze kidogo.

Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake kuliko ilivyo kwetu, kwa hiyo joto jingi linapotelea huko. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au mwenye uzito chini ya gramu 2,500, mara nyingi ana mafuta kidogo chini ya ngozi ya kumhifadhi. Joto la mwili wa mtoto mchanga linatakiwa kuwa kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5. Likishuka, anatumia nguvu kujipasha badala ya kunyonya na kukua, na anakuwa rahisi kuugua. Hili linatokea hata Dar es Salaam, chini ya feni, mtoto akiwa bado na majimaji ya uzazi.

Dawa ya kwanza si uzi. Ni kifua cha mama. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa mjini Bogotá, Colombia, alianza kuwaweka watoto njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakati mashine za kuwapasha joto zikiwa hazitoshi. Ndiyo njia tunayoiita kangaroo. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo kwamba ianze mara tu mtoto anapozaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa mtoto aliye katika hali mahututi. Mtoto anakaa wima kati ya matiti, amevaa nepi, soksi na kofia tu, amefungwa kwa khanga. Baba naye ana kifua. Wangu alilala ameketi usiku wa pili na wa tatu, mimi nikiwa siwezi kuinuka.

Kopo la maziwa

Haya yote niliyasema pale uani, kwa kuwa Mama mkubwa hakukubali jibu langu. “Ana kitu kwenye begi,” aliwaambia wenzake. “Nimekiona jana nikitafuta nepi.” Akanigeukia: “Kilete, mama.”

Niliinua kofia yangu kama wao walivyoinua zao. Mikono ilitetemeka, na nilisingizia baridi. Hakuna aliyesema pole mwanzoni. Ilipita mkono kwa mkono. Mwenye kofia za njano aliigeuza ndani nje, akasimama kwenye safu ya nane.

“Kitanzi kimedondoka hapa,” alisema. “Umeendelea bila kukiona.”

Ngazi ndogo ya nyuzi ilikuwa imefunguka kutoka pale na kushuka. Nilidhani atanifumulia yote. Badala yake aliomba sindano ya kroshia, akakidaka kile kitanzi kwa kulabu, akakipandisha ngazi moja baada ya nyingine mpaka juu, akakirudisha kwenye sindano yangu. Haikumchukua dakika mbili. Halafu bibi ndiye aliyesema: “Pole, mjukuu wangu. Ulikuwa peke yako.” Nikalia, wakaniacha nilie, na aliyekuwa karibu akanishikia uzi usiingie kwenye chai.

Mtoto wangu sasa ana kichwa cha sentimita 46. Kofia ile haimwingii tena. Lakini Mama mkubwa aliingia ndani akatoka na kopo tupu la maziwa ya unga, mzunguko wake kama sentimita 31, karibu sawa na kichwa cha mtoto wa wiki zile. Ndicho kipimo chao cha kofia za watoto njiti. Mwenye kofia za njano alikuwa anafuma kwa ajili hiyo muda wote, na mimi sikuwa nimemuuliza. Kila zikifika kumi huzifua na kuzipeleka wodini, baada ya kumpigia muuguzi kumuuliza kama zinahitajika.

Kama nawe una sindano nyumbani na ungependa kumfumia mtoto mchanga, kinamama hawa walinipa maelekezo haya, nami niliyapitia na wauguzi kabla ya kuyaandika:

Chagua uzi laini usiotoa manyoya. Ujaribu kwa kuusugua nyuma ya sikio lako. Ukikuwasha wewe, utamwasha yeye.

Usiweke vifungo, shanga wala utepe wa kufunga kidevuni. Kifungo kikichomoka huishia mdomoni, na utepe unaweza kumkaba.

Geuza soksi na glavu ndani nje kabla ya kuvisha. Uzi uliolegea huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu.

Fua kwa sabuni isiyo na manukato makali, anika juani mpaka ikauke kabisa.

Angalia mtoto, si kalenda. Shika tumbo na miguu. Vyote vikiwa baridi, mweke kifuani na utafute msaada wa daktari. Akitoka jasho shingoni, mpunguzie nguo.

Njia ya kurudi

Sikuimaliza kofia ile Njombe. Nilifuma safu sita Jumatatu, Mama mkubwa akiwa shambani na mtoto akiwa amelala juani kwenye mkeka. Jumanne asubuhi nilimpelekea mwenye kofia za njano ikiwa bado kwenye sindano. Aliipokea bila kuuliza kwa nini. Wiki mbili baadaye alinitumia picha kwenye simu: kofia ya rangi ya maziwa imevalishwa kopo, na pembeni yake nyingine tisa za njano.

Mimi niliondoka na uzi wa lile sweta la kiwiko kilichotoboka, na safu za kwanza za sweta la binti yangu. Basi lilipopita Makambako jua likawaka, nikatoa sindano. Kiti cha pili alikaa msichana wa makamo yangu, koti kubwa limefungwa mpaka shingoni. Alinitazama muda mrefu, tukapita Mafinga, tukapita Iringa. Tukiteremka Kitonga, watu wakiwa kimya kama ilivyo kawaida, ndipo aliponisogelea.

“Dada, samahani. Unafuma nini?”

Lilikuwa halijafika hata kwapani, na safu ya tano imepinda. Nikamwonyesha.